Nichi gani inalipa? Namna ya kuipima kabla hujalipia jina la tovuti

Swali linaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kuanzisha tovuti ya kulipwa kamisheni ni "nichi gani inalipa?", yaani ni kipande gani kidogo cha soko cha kulenga. Majibu yanayozunguka mitandaoni ni yale yale: afya, fedha, mahusiano, teknolojia. Mtu anachukua "afya", analipia jina la tovuti, anaandika makala arobaini, na miezi inapita akaunti ikisoma sifuri. Hapo ataambiwa hana subira, au akili mnemba imeua biashara hii, au nichi ilikuwa imejaa. Mara nyingi tatizo lilianza mapema zaidi: alichagua mada pana akaiita nichi, na hakupiga hesabu hata moja kabla ya kuandika neno la kwanza.

Hesabu zenyewe si ngumu. Zinahitaji siku chache za kuchunguza, kalamu, na ujasiri wa kuitupa nichi uliyoipenda pale namba zinapoikataa.

Maneno yanayochanganya

Uuzaji wa kamisheni, au afilieti maketing kama wengi wanavyouita, unafanya kazi hivi: unajiunga na mpango wa duka au kampuni, unapewa kiungo chenye namba yako, unakiweka kwenye makala. Msomaji akikibofya na kununua, unalipwa asilimia ya bei au kiasi maalumu. Huna ghala, husafirishi mzigo, hupokei pesa ya mteja. Ni kazi ya dalali: unamkutanisha mwenye mali na mwenye haja, na dili lisipofungwa hulipwi hata kama mlizunguka pamoja mchana kutwa. Mfumo huu si mgeni. Amazon ilifungua mpango wake wa washirika mwaka 1996.

Duka hujua mteja ametoka kwako kwa kutumia kidakuzi, faili dogo linalobaki kwenye kivinjari cha msomaji baada ya kubofya. Kidakuzi kina muda wake wa kuishi. Kwa Amazon ni saa 24, ingawa bidhaa iliyowekwa kikapuni ndani ya saa hizo huweza kukuhesabia hadi siku 90. Mipango mingi mingine hutoa siku 30, na ipo ya 60 au 90. Kwa kawaida kiungo cha mwisho kubofywa ndicho kinacholipwa: msomaji akitoka kwako akapitia kiungo cha mtu mwingine kabla ya kununua, kamisheni inakwenda kwa huyo mwingine.

Tukija kwenye nichi, tafsiri inayosaidia kazini ni hii: kundi la watu fulani, wenye shida fulani, wanaoitatua kwa kununua kitu. Vipande vyote vitatu viwepo. "Sauti" ni mada. "Vifaa vya kurekodia" ni tasnia nzima. "Watu wanaoanzisha podikasti ya mazungumzo nyumbani, kwenye chumba chenye mwangwi, na hawajawahi kushika maiki" ni nichi, kwa sababu ukiisoma tu unawaona wenyewe, unaijua shida yao, na unaweza kukisia watakachoweka kikapuni. Nitautumia mfano huu hadi mwisho.

Anayetafuta anataka nini?

Wengi hukosea hapa, tena kwa gharama kubwa kuliko kwingine kote. Wanapima nichi kwa idadi ya watu wanaotafuta, ilhali kinacholipa ni hali ya mtafutaji wakati anaandika swali lake. Anayeandika "podikasti ni nini" anataka kujua tu. Anayeandika "maiki ya USB au XLR kwa anayeanza" (ya USB huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, ya XLR hupitia saundi kadi) ameshaamua kununua, amebakiza kuchagua. Na anayeuliza kama saundi kadi yake, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, inatosha kuendesha maiki ya Shure SM7B yuko hatua moja tu kutoka kulipa. Maiki hiyo ni maarufu sana kwa watangazaji, lakini inatoa sauti ndogo na huhitaji kuongezewa takriban desibeli 60. Saundi kadi nyingi za bei nafuu hazifiki hapo bila kuanza kutoa mvumo. Mtu huyu ameshanunua au anakaribia kununua maiki ya gharama, na jibu la kweli kwa swali lake lina kifaa ndani yake: saundi kadi yenye nguvu zaidi, au kikuza sauti cha kuweka katikati, au maiki nyingine inayoendana na alichonacho.

Swali la namna hiyo linaweza kutafutwa na watu wachache sana kwa mwezi, kiasi kwamba zana za maneno ya utafutaji zinaonyesha sifuri au kistari. Usiliache. Namba za zana hizo ni makadirio, na maswali marefu, yenye majina ya vifaa, mara nyingi hayahesabiwi vizuri. Wembamba wa reli, treni inapita.

Zoezi lenyewe ni la karatasi. Andika maswali hamsini ambayo watu wa nichi yako huuliza. Usiyatunge kichwani. Yatoe kwenye mapendekezo yanayojitokeza unapoanza kuandika kwenye Google, kwenye kisanduku cha maswali yanayohusiana katikati ya matokeo, kwenye mabaraza ya wapenzi wa fani hiyo, na kwenye maoni ya nyota mbili na tatu chini ya bidhaa madukani. Maoni hayo ya katikati ni hazina kwa sababu mwandishi wake hakukasirika wala hakusifu, ameeleza kilichomshinda: kebo fupi, stendi inayolegea, maiki inayonasa feni ya kompyuta. Kisha yagawe mafungu matatu: ya kutaka kujua, ya kulinganisha, ya kununua au kurekebisha. Ukikosa hata kumi na tano katika mafungu mawili ya mwisho, hiyo ni nichi ya kuvuta wasomaji, na kamisheni zake zitakuwa haba. Inaweza kuishi kwa matangazo, lakini hiyo ni biashara nyingine yenye hesabu nyingine.

Angalia pia ngazi ya manunuzi. Anayeanza podikasti hanunui mara moja akatoweka. Ananunua maiki, kisha stendi ya mkono, chujio la kuzuia pumzi, hedifoni, baadaye saundi kadi, na kila mwezi analipia huduma ya kuhifadhi vipindi vyake. Nichi yenye ngazi hukupa nafasi nyingi za kumhudumia mtu yule yule. Nichi ya bidhaa moja inayodumu miaka kumi inakulazimisha kutafuta mgeni mpya kila siku.

Piga hesabu

Mapato ya ukurasa ni zao la namba tano: wageni, asilimia ya wanaobofya kiungo, asilimia ya waliobofya wanaonunua, wastani wa bei, na kiwango cha kamisheni. Chukua namba za mfano. Kurasa zako za maiki zinapata wageni 3,000 kwa mwezi. Asilimia 20 wanabofya, ni 600. Kati yao asilimia 4 wananunua, ni 24. Wastani wa bei ni dola 120 na kamisheni ni asilimia 3, yaani dola 3.60 kwa kila mauzo. Jumla ni dola 86.40.

Ukigawa kwa mibofyo 600 unapata senti 14 na ushei kwa kila mbofyo. Namba hiyo ndiyo ya kuhifadhi, kwa sababu inakuruhusu kurudi nyuma: ukitaka dola 500 kwa mwezi kwa vifaa hivyo peke yake, unahitaji mibofyo kama 3,470, sawa na wageni zaidi ya 17,000 kwenye kurasa za ununuzi, achilia mbali wanaosoma makala nyingine. Je, maswali yako hamsini yanaweza kuleta watu hao? Kama hayawezi, umelijua hilo kabla ya kulipia chochote.

Sasa ongeza huduma ya kuhifadhi podikasti. Tuseme ni dola 20 kwa mwezi, na mpango unalipa asilimia 25 kila mwezi mteja anapoendelea kulipa. Ni dola 5. Ukileta wateja watatu tu wapya kila mwezi, mwezi wa kwanza unapata dola 15, kiasi cha kukatisha tamaa. Lakini hata kama kila mwezi mteja mmoja kati ya kumi anaacha, mwishoni mwa mwaka utakuwa na wateja hai kama 21, na mapato ya dola zaidi ya 100 kwa mwezi kutokana na wageni wachache kuliko wale wa maiki. Ndiyo maana nichi yenye bidhaa za malipo ya mara kwa mara ndani yake huwa na uti wa mgongo.

Kuna makato ambayo watu husahau. Mteja akirudisha bidhaa, kamisheni inafutwa. Nguo na viatu hurudishwa sana kwa sababu ya vipimo, kwa hiyo asilimia 10 ya kamisheni kwenye karatasi inaweza kuwa pungufu mfukoni. Tena ukiona kiwango kikubwa mno, asilimia 50 au 70, jiulize kwa nini mwenye bidhaa yuko tayari kutoa kiasi hicho. Kwa bidhaa za kidijitali inaeleweka, kwani nakala ya pili haimgharimu kitu. Ila asilimia 70 ya bidhaa ambayo wanunuzi wanadai pesa zao wiki inayofuata ni sifuri yenye makelele, na jina linalochafuka ni lako.

Soma masharti ya mpango kabla ya kuchagua nichi

Kwa kawaida watu huchagua nichi, wanaandika, kisha ndipo wanatafuta nani wa kuwalipa. Geuza mpangilio. Nichi isiyo na angalau mipango mitatu ya kampuni tofauti ni ya hatari, na sababu iko kwenye kumbukumbu: mwezi Aprili 2020 Amazon ilishusha viwango vyake kwa makundi mengi ya bidhaa. Samani na vifaa vya nyumbani vilitoka asilimia 8 hadi 3, vyakula vikatoka asilimia 5 hadi 1. Tovuti za makundi hayo zilizotegemea mpango huo peke yake zilipoteza zaidi ya nusu ya mapato bila mgeni hata mmoja kupungua.

Katika kila mpango, tafuta kiwango cha kamisheni kwa kundi lako hasa, muda wa kidakuzi, kiasi cha chini cha kulipwa, njia za malipo na kama zinafika nchi unayoishi, na nchi ambazo duka linapeleka mizigo. Hili la mwisho limewaangusha wengi: wasomaji wengi kutoka nchi ambazo duka halifiki ni mibofyo isiyolipa. Soma pia masharti ya kubaki. Amazon hufunga akaunti mpya isiyoleta mauzo matatu yanayokidhi vigezo ndani ya siku 180, kwa hiyo kujiunga siku ya kwanza, kabla ya kuwa na msomaji hata mmoja, ni kuiwasha saa mapema.

Muda wa kidakuzi nao uulinganishe na muda ambao watu hufikiri kabla ya kununua. Chujio la kuzuia pumzi linanunuliwa siku ile ile, saa 24 zinatosha. Mashine ghali ambayo familia inaijadili wiki tatu inahitaji kidakuzi cha siku 30 au zaidi, la sivyo utafanya kazi ya kushawishi na mwingine atakula kamisheni.

Ushindani unasomwaje?

Fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, tafuta maswali yako kumi ya ununuzi moja moja, na usome ukurasa wa kwanza wa matokeo kwa macho ya mnunuzi. Usiishie kuhesabu tovuti, fungua makala zenyewe. Je, mwandishi amekishika kifaa, au amekusanya maelezo ya mtengenezaji? Kuna picha zake mwenyewe? Kuna sauti iliyorekodiwa ili msomaji asikie tofauti? Bidhaa zilizotajwa bado zinauzwa? Ukikuta majukwaa ya watu wakijibizana yamekaa juu ya makala, mara nyingi ni ishara kwamba hakuna aliyejibu swali hilo vizuri. Ukikuta kumi bora zote ni magazeti makubwa, maduka yenyewe na watengenezaji, swali hilo liweke pembeni. Ukikuta hali hiyo kwa maswali nane kati ya kumi, nichi ni pana mno kwako kwa sasa. Ipunguze: badala ya maiki za podikasti, chukua kurekodi watu wawili kwenye chumba kimoja, au kurekodi nje penye upepo.

"Nichi imejaa" basi ni kauli isiyo kamili. Penye washindani pana pesa, na nichi isiyo na mshindani hata mmoja kwa kawaida ni nichi isiyo na mnunuzi. Cha kutafuta ni swali ambalo wengi wamelijibu juu juu.

Afya na fedha, zile zinazoongoza kila orodha, zina ugumu wake. Google huziweka katika kundi la mada zinazoweza kumdhuru mtu kiafya au kiuchumi, na huzidai ushahidi mkubwa zaidi wa utaalamu na uaminifu. Desemba 2022 iliongeza uzoefu wa moja kwa moja katika vigezo vya mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora. Ushauri wa dawa za kisukari kutoka kwa mtu asiye tabibu hauna mahali pa kusimama, na kwa haki kabisa, maana msomaji akipotea pale anapotea na afya yake. Lakini mtu asiye tabibu anaweza kuandika kwa uzito kuhusu viatu vya kukimbilia alivyovivaa kilomita mia tatu.

Dhana nyingine za kuangalia upya

"Fuata unachokipenda." Mapenzi yanasaidia kuvumilia makala ya thelathini, lakini hayaleti mnunuzi. Kinachohitajika zaidi ni kuweza kukifikia kitu: kukinunua, kukiazima, kukipima, kukivunja ukibidi. Aprili 2021 Google ilianza kutoa masasisho yanayolenga mapitio ya bidhaa, na inataka kuona vipimo, picha za mwandishi na ulinganisho wa kweli. Kama huwezi kugusa bidhaa hata moja ya nichi yako, una nichi ya kunakili.

"Akili mnemba imeua biashara hii." Imeua sehemu yake. Tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuonyesha majibu ya akili mnemba juu ya matokeo nchini Marekani, swali kama "XLR ni nini" linaweza kujibiwa bila mtu kubofya popote. Makala za tafsiri za maneno ndizo zinazoumia kwanza. Swali linalohitaji mtu aliyekaa na vifaa viwili chumbani, akavirekodi na kuviweka sauti zake hadharani, bado linahitaji ukurasa. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea nichi ambayo ndani yake kuna kitu cha kupima.

"Mchoro wa Google Trends unapanda, basi kuna watu wengi." Google Trends ni zana inayochora jinsi neno linavyotafutwa kwa muda, na namba zake ni za uwiano, kuanzia 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha neno hilo lenyewe ndani ya kipindi ulichochagua. Neno linalotafutwa na watu wachache linaweza kuonyesha 100. Zana hii itumie kuangalia umbo la miaka mitano: mstari tulivu ni mzuri, mawimbi yanayorudi kila mwaka yanaeleza msimu, na mlima mmoja mkali ukifuatiwa na bonde ni mtindo uliopita.

Jaribio la miezi sita

Nichi ikivuka vipimo vyote, usijenge tovuti ya makala mia. Andika kumi hadi kumi na tano, zote kuhusu tawi moja dogo: nane za kulinganisha na kununua, zilizobaki za kuwasaidia wanaorekebisha matatizo. Ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Weka taarifa iliyo wazi mwanzoni mwa kila makala kwamba unalipwa kamisheni. Mipango mingi inaidai, na nchini Marekani tume ya biashara ya shirikisho, FTC, inalitaka hilo litamkwe waziwazi. Viungo vyenyewe viwekee alama ya "sponsored" kwenye msimbo wa HTML wa ukurasa, alama ambayo Google iliitambulisha mwaka 2019.

Jiunge na Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi kurasa zako zinavyojitokeza kwenye utafutaji, siku unapochapisha. Miezi mitatu ya kwanza usiangalie mapato, angalia mara ngapi kurasa zinaonekana kwenye utafutaji na kwa maneno yapi. Maneno hayo mara nyingi yatakushangaza: unaweza kuwa umeandika kuhusu maiki, Google ikakuonyesha kwa watu wanaohangaika na mwangwi wa chumba. Huo ni mwaliko wa kuhamia walipo wanunuzi, povu la ukutani na mapazia mazito, badala ya kung'ang'ania mpango wa awali.

Kufikia mwezi wa sita soma namba kwa mpangilio. Kurasa hazionekani kabisa: umekosea kwenye ushindani, punguza nichi. Zinaonekana lakini hazibofywi kwenye matokeo: vichwa vya habari havijibu swali lililoulizwa, au uko ukurasa wa pili. Wageni wanaingia ila hawabofyi viungo: umevuta watu wa kutaka kujua, rudi kwenye yale mafungu matatu. Wanabofya ila hawanunui: angalia duka, maana bidhaa inaweza kuwa imeisha, bei imepanda, au mzigo haufiki wanakoishi. Wananunua ila pesa ni kidogo: hapo nichi ni nzima, kinachobadilishwa ni mpango wa kamisheni au ngazi ya bidhaa unazozitaja. Kwenye kundi hili la mwisho wapo wengi walioacha, ilhali walibakiza kuandika barua pepe moja kwa mtengenezaji kuuliza kama ana mpango wake mwenyewe unaolipa zaidi ya duka kubwa.